Jaribio la Mpemba na kidato cha tatu: tupimeje ili jibu lisimame?

mwl_nyandazajuu

Wakuu, habari za kazi.

Klabu yetu ya sayansi inataka kurudia jaribio la Mpemba muhula huu. Historia yake wengi mnaijua: mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu pale shule ya Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari wa kutengenezea aiskrimu ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kwa nini maji ya moto huganda kwanza. Osborne akalipeleka swali hilo maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo kwenye jarida la Physics Education.

Shida ni kwamba matokeo yetu ya awali yanapingana. Siku moja maji ya moto yanatangulia, siku nyingine yanachelewa vibaya, na wanafunzi wanabishana hata kuhusu lini bika imeganda.

Vifaa tulivyo navyo: friza ya kulala inayofika -18°C, bika za kioo za ml 100, silinda ya kupimia, mizani ya kusoma gramu 0.1, Arduino moja (kibao kidogo cha kompyuta cha kusomea vihisi), na vihisi vinne vya halijoto vya DS18B20 vile vya bomba la chuma. Maji ni ya bomba. Tuko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na umeme hukatika mara kwa mara.

Naomba kujua: tuweke maji kiasi gani, kihisi kikae wapi, tuseme yameganda wakati gani, na turudie mara ngapi ndipo tuwe na haki ya kusema "ndiyo" au "hapana"?

---

joto_fiche

Mwalimu, anza na hilo la "yameganda wakati gani", maana mengine yote yanalitegemea. Kuna nyakati tatu tofauti, na kila moja inaweza kutoa mshindi tofauti. Ziite t1, t2 na t3. t1 ni pale maji yanapofika 0°C. t2 ni pale barafu ya kwanza inapozuka. t3 ni pale maji yote yanapokuwa barafu.

Maji kufika sifuri si lazima yagande. Kwenye bika safi yanaweza kushuka hadi -5 au -8 yakiwa bado maji, kisha barafu inazuka ghafla na halijoto inaruka kurudi 0 kwa muda mfupi sana. Kwenye grafu utaona mteremko, mruko, halafu mstari wa bapa unaokaa kwenye sifuri kwa muda mrefu, na mwisho mteremko wa pili. Mruko ndio t2, mwisho wa bapa ndio t3. Na angalia jambo hili: kwa kila nyuzi moja chini ya sifuri, barafu inayozuka papo hapo ni kama asilimia 1.25 tu ya maji. Yakizukia kwenye -6, ni asilimia 7.5 iliyoganda. Mwanafunzi anayechungulia ataona bika imejaa sindano za barafu na kuandika "imeganda", wakati zaidi ya asilimia 90 bado ni maji. Ubishi wenu unatoka hapo.

Hata watafiti wanaopingana mara nyingi hawapimi kitu kimoja. Mpemba na Osborne walipima muda hadi barafu inapoanza, yaani t2, kwa maji ml 70 kwenye bika za ml 100 zilizowekwa juu ya foamu. Yaliyochelewa kuliko yote ni yaliyoanzia karibu nyuzi 25. Burridge na Linden, Uingereza, mwaka 2016, walipima muda wa kufika 0°C, yaani t1, na hawakuona ushahidi wowote wa maji ya moto kutangulia. Ukisoma matokeo hayo mawili bila kujua tofauti hiyo utadhani mmoja kadanganya.

Sasa hesabu ya joto, muwaonyeshe wanafunzi kabla ya kugusa friza. Chukua gramu 70:

Kutoka 25 hadi 0: 70 × 4.19 × 25 = kJ 7.3
Kutoka 80 hadi 0: 70 × 4.19 × 80 = kJ 23.5
Kuganda kwa yote: 70 × 0.334 = kJ 23.4

Kuyashusha maji kutoka nyuzi 80 kunadai karibu joto lile lile la kuyagandisha yote. Bika ya moto ina deni la ziada la kJ 16. Njia mojawapo ya kulilipa ni uvukizaji: kila gramu inayotoka kama mvuke inachukua karibu kJ 2.35, kwa hiyo deni lote lingehitaji kama gramu 7 zipotee, yaani moja ya kumi ya maji. Mizani yenu inaweza kuliona hilo bila wasiwasi. Pimeni bika kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kila mara. Mkikuta zimepotea gramu 2, uvukizaji peke yake hautoshi kueleza ushindi wa bika ya moto.

Mtego ambao karibu kila shule inauingia ni silinda ya kupimia. Ml 70 za maji ya nyuzi 80 zina gramu 68, na za nyuzi 25 zina karibu gramu 69.8. Mnaipa bika ya moto upendeleo wa asilimia 2.5 kabla mchezo haujaanza. Weka bika juu ya mizani, mimina hadi 70.0 g, basi.

Kimo cha kihisi. Burridge na Linden walionyesha kuwa tofauti ya sentimita moja tu ya kimo inatosha kukupa "Mpemba" asiyekuwepo. Juu ya nyuzi 4 maji yenye joto zaidi yanakaa juu. Chini ya nyuzi 4 mambo yanageuka, ya baridi zaidi ndiyo yanapanda. Kwa hiyo kihisi kikining'inia kwa mkono wa mwanafunzi, mnapima mkono wa mwanafunzi. Toboeni kipande cha plastiki, pitisheni kihisi, kikae sm 1 kutoka chini. Cha pili sm 1 chini ya uso wa maji. Cha tatu kipime hewa ya friza kando ya bika. Wala plastiki hiyo isifunike bika yote, iwe ukanda mwembamba. Osborne aliweka utando wa mafuta juu ya maji na kuganda kukachelewa kwa masaa: sehemu kubwa ya joto inatoka kupitia juu. Ukifunika, umebadilisha jaribio.

Chini ya bika weka foamu nyeupe, ile inayofungashia televisheni, unene wa sm 2. Bika ya moto ikikaa moja kwa moja kwenye jalidi la friza, inaliyeyusha, inashikana na chuma, na inapoa haraka kupitia chini wakati ya baridi bado imekaa juu ya jalidi ambalo halipitishi joto vizuri. Kwa aiskrimu ya 1963 huenda hilo lilichangia. Ninyi mliondoe.

Kuhusu friza: msiweke bika zote mbili pamoja. Ya moto inapasha hewa ya jirani yake na inaamsha kompresa. Weka moja moja, mahali pale pale palipowekwa alama ya kalamu, na anza tu pale kihisi cha hewa kikiwa kimekaa -18, kupanda au kushuka nyuzi 1, kwa nusu saa. Jazeni friza chupa kubwa za maji ya chumvi mlizogandisha tayari, zishikilie halijoto. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, jaribio hilo linafutwa hata kama matokeo yake yanapendeza. Kanuni hiyo iandikwe kabla.

Na kwa mita 1,600 msiandike "maji ya 100°C" kwenye ripoti. Huko yanachemka karibu nyuzi 94.7. Chagueni 80, mnaifikia kirahisi.

---

jani_na_chembe

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa joto. Mimi niongeze upande wa kilichomo ndani ya maji, kwa sababu t2 inaamuliwa na vitu msivyoviona.

Barafu inahitaji mahali pa kuanzia, yaani kianzishi. Maji safi kabisa katika matone madogo yanaweza kufika karibu -38°C bila kuganda. Ya bomba hayafiki huko kwa sababu yana vumbi, chembe za udongo, kutu, na wakati mwingine mabaki ya viumbe. Kinara wa hao ni bakteria Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani: protini iliyo kwenye utando wake wa nje inazipanga molekuli za maji kama zilivyo ndani ya barafu, na kuganda kunaanza karibu -2°C. Ndiyo maana hutumika hata kutengeneza theluji bandia kwenye viwanja vya kuteleza, akiwa ameshauawa.

Sasa fikirini kinachotokea mnapochemsha maji. Protini inaharibika, kazi yake inaisha. Chembe za madini hazijali. Maji magumu yanaacha chokaa, na gesi iliyoyeyuka inatoka (kwa nyuzi 25 kwenye usawa wa bahari maji hubeba kama mg 8 za oksijeni kwa lita). Kwa maneno mengine, "maji ya moto" na "maji ya baridi" hayatofautiani kwa halijoto peke yake. Ni vinywaji viwili tofauti. Na kama bomba lenu lina vianzishi vingi vya protini, kuchemsha kutafanya maji ya moto yashuke chini zaidi kabla ya kuganda, yaani yachelewe, kinyume kabisa na dai la Mpemba. Matokeo yenu yanayopingana yanaweza kuelezeka kwa hilo tu.

Dawa yake ni bika ya tatu:

A: maji ya bomba, nyuzi 25, hayajachemshwa.
B: maji yaliyochemshwa dakika 10, yakafunikwa, yakaachwa yapoe hadi 25.
C: maji ya sufuria ile ile ya B, yaliyopashwa tena hadi 80.

B dhidi ya C ndiyo inayojibu swali la Mpemba. A dhidi ya B inaonyesha kuchemsha kumebadilisha nini. Ukilinganisha A na C pekee umechanganya mambo mawili na hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye.

Usafi: bika ile ile itumike kwa A, B na C kwa zamu, kwa sababu mkwaruzo mmoja ndani ya kioo nao ni kianzishi cha barafu. Suuza mara tatu kwa maji ya betri (yale yasiyo na asidi, someni lebo), geuza ikauke. Usifute ndani kwa kitambaa, nyuzi zake zitabaki.

Mkitaka somo zima la biolojia ndani ya hili, fanyeni jaribio la matone. Chukua sahani ya alumini, paka mafuta ya mgando membamba sana, panga matone 20 ya maikrolita 50 kila moja (kwa sindano ya ml 1 ni matone 20 yakimaliza sindano nzima). Weka sahani juu ya barafu iliyochanganywa na chumvi, kilo 3 za barafu kwa kilo 1 ya chumvi, bandika kihisi kwenye sahani, hesabu matone yaliyoganda kila nyuzi moja inaposhuka. Tone lililoganda linabadilika ghafla kutoka kung'aa na kuwa na ukungu. Safu ya kwanza maji ya betri, ya pili maji yaliyolowekwa majani ya maharage kwa saa moja, ya tatu maji hayo hayo ya majani baada ya kuchemshwa. Kama majani yana bakteria hao, safu ya pili itaganda kwenye halijoto ya juu zaidi na ya tatu itarudi kufanana na ya kwanza. Isiporudi, kilichokuwa kinagandisha huenda ni vumbi la udongo. Yote mawili ni matokeo mazuri. Kumbukeni tu kwamba si kila aina ya Pseudomonas ina protini hiyo, kwa hiyo jani lenye afya au ugonjwa peke yake halikuambii kitu.

---

mwl_nyandazajuu

Asanteni sana wakuu, hili la bika ya tatu na la kupima kwa gramu sikuliona popote kwenye miongozo. Limebaki la marudio. Na je, nikidondosha chembe ya barafu maji yakifika sifuri ili yasipitilize, si nitakuwa nimemaliza kelele zote za t2?

---

macho_yaliyofungwa

Mwalimu, ukidondosha barafu t2 inakuwa yako wewe, si ya maji. Ni halali kama swali lako ni t3, kwa sababu kila bika itaanza kuganda kwenye sifuri na utapima muda wa kuganda kwa yote bila bahati nasibu. Lakini kama swali ni lile la mwaka 1969, yaani barafu inaanza lini, usiguse kitu. Amueni moja, liandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi, libandikwe ukutani kabla ya bika ya kwanza kuingia.

Nasema ukutani kwa sababu. Mna nyakati tatu za kuchagua. Mkizipima zote kisha mkatangaza ile iliyopendeza, hata kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, na kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kuwadanganya, nafasi ya angalau kimoja kuwadanganya inakaribia asilimia 14 (1 − 0.95 × 0.95 × 0.95, tukichukulia kila kimoja kinajitegemea). Saikolojia iliumia sana kwa tabia hii. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia: kati ya zile za awali asilimia 97 zilikuwa zimeripoti matokeo yenye maana kitakwimu, katika marudio ni asilimia 36 tu. Fizikia ya friza haina kinga maalumu, na vijana wetu wana kishawishi kikubwa kuliko wengine, kwani wote wanataka Mpemba awe sahihi. Ni wetu, na alidharauliwa darasani kabla ya kusikilizwa. Basi apimwe kwa haki.

Matarajio ya mpimaji yanaingia kwenye namba bila yeye kujua. Mwaka 1963 huo huo Rosenthal na Fode waliwapa wanafunzi panya wa kawaida, wengine wakaambiwa panya wao ni wa ukoo wenye akili, wengine wa ukoo mzito wa kuelewa. "Wenye akili" wakaonekana kujifunza haraka zaidi. Kwenye friza inakuwa hivi: anayeamini maji ya moto yatatangulia atafungua mlango mara nyingi zaidi kuangalia bika hiyo, na kila kufungua kunaingiza hewa ya nje.

Huwezi kuficha bika inayotoa mvuke, lakini unaweza kuficha data. Mwanafunzi wa kwanza anaandaa bika na kuanzisha kurekodi. Wa pili, ambaye hakuwepo, anaipa kila faili namba ya kubahatisha na kukata dakika zote za kabla ya maji kufika nyuzi 20, ili umbo la mwanzo lisimwambie mtu. Muda uliokatwa aandike pembeni, mtauongeza baadaye. Wa tatu anasoma grafu na kuweka alama ya mruko. Siri inafunguliwa alama zote zikishawekwa. Mlango wa friza haufunguliwi mpaka bapa liishe.

Mpangilio: fanya jozi za B na C, na kila jozi rusheni shilingi kuamua ipi itangulie. Jozi 12 zinatosha kwa jaribio la ishara (kuhesabu nani kashinda jozi ngapi), ambalo kidato cha tatu wanaliweza kwa kuhesabu tu. Kama hakuna tofauti, kila jozi ni kama shilingi. Nafasi ya upande mmoja kushinda 10 au zaidi kati ya 12 ni 79/4096, karibu asilimia 1.9, ukihesabu pande zote mbili ni kama asilimia 3.9. Ushindi wa 9 kati ya 12 unaonekana mkubwa kwa macho, lakini bahati peke yake inatoa matokeo ya aina hiyo au zaidi kwa karibu asilimia 7 upande mmoja tu. Kwa hiyo mpaka wenu ni 10. Jozi 12 ni majaribio 24. Kwa mawili kwa siku ni siku 12 za shule. Bika A iwekeni jozi chache pembeni.

Msisimame kwenye jozi ya sita kwa kuwa mmepata 6 kwa 0, wala msiongeze ya 13 kwa kuwa mmeishia 9. Na zaidi ya nani kashinda, andikeni tofauti ya dakika kwa kila jozi. Mkipata ushindi wa 7 kwa 5 huku tofauti zikiruka kutoka dakika 40 upande huu hadi 40 upande ule, hiyo ni habari kamili: t2 kwenye friza yenu inaongozwa na bahati ya kuzuka kwa barafu kuliko halijoto ya kuanzia. Hilo linaandikika kwenye ripoti bila aibu.

---

waya_tatu

Kwa upande wa DS18B20, mambo machache yatakayowapotezea siku msipoyajua.

Bomba lile la chuma lina urefu wa kama mm 50, na gramu 70 kwenye bika ya ml 100 zina kina cha karibu sm 4. Bomba litachomoza nje na kupitisha joto, tena chuma chenyewe kinaweza kuanzisha barafu. Nunueni vile vya uchi vyenye miguu mitatu, unganisheni nyaya nyembamba, funikeni miguu kwa mpira wa kusinyaa kwa joto na gundi ya epoksi. Vya bomba viachieni kazi ya kupima hewa.

Rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na umeme wa chanya. Bila hiyo vihisi havisomeki sawasawa. Vyote vinne vinakaa kwenye waya mmoja, kila kimoja kina anwani yake, kwa hiyo kibandikeni lebo kabla ya kuvitumia.

Mkiona 85.00 ghafla, si maji: hiyo ndiyo namba kihisi kinachoanza nayo kikiwashwa, maana yake umeme wake umeyumba au mmesoma kabla hakijamaliza kupima. Kwa biti 12 (usomaji wake wa kina zaidi) kinahitaji milisekunde 750. Mkiona -127, waya umeachia. Hizo zote zifutwe na programu, hasa 85, kwa sababu iko karibu sana na 80 yenu na mtu anaweza kuiamini.

Usahihi wake ni nusu nyuzi, na sokoni viko vingi bandia vilivyo vibaya zaidi ya hapo. Viwekeni vyote pamoja kwenye barafu iliyosagwa na maji kidogo ya betri, koroga, subiri dakika 10, andikeni kila kimoja kinasoma ngapi, kisha toeni tofauti hiyo kwenye programu. Kinachokosea zaidi ya nyuzi 1 kiwekeni kando. Rudieni zoezi hilo kila wiki, kwa sababu epoksi ikipata ufa maji yanaingia na kihisi kinaanza kuhama taratibu bila kutoa onyo lolote.

Someni kila sekunde 5, na hifadhini kwenye kadi ya kumbukumbu badala ya kompyuta. Arduino ipewe benki ya umeme ya simu, ili umeme ukikatika muone kwenye faili ni dakika gani friza ilianza kupanda. Baadhi ya benki hizo hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno. Ijaribuni usiku mzima kwanza.